Mzee Stata na Ufunguo wa Basi

Dereva wa chuo chetu wanafunzi wanamwita Mzee Stata, na jina hilo amejitafutia mwenyewe. Mashindano ya mpira wa wavu ya vyuo hayana siri: mnapangwa kwenye makundi, timu mbili za juu zinavuka, kisha ni mtoano, ukifungwa unafungasha virago. Kwa kufungasha virago sisi tulikuwa mabingwa. Mzee hakupenda kuona mabinti wa timu yetu wakilia mbele za watu. Kwa hiyo akiona mechi imeshatutoka mikononi, anajinyanyua jukwaani taratibu kama mtu anayekwenda msalani, anakwenda kuwasha basi, ili filimbi ya mwisho ikilia injini iwe imeshapata moto. Mimi kocha nilimlalamikia mara nyingi kwamba ananivunjia timu. Alinijibu kwa upole kuwa timu inavunjika yenyewe, yeye anaibeba tu.

Mwaka huu alikuwa anastaafu, na mabinti waliapa kumwonyesha fainali kabla hajaondoka. Tukavuka kundi, tukashinda robo fainali, nikaanza kutembea kifua mbele. Kwenye nusu fainali tukapoteza seti mbili za mwanzo, na anayewahi seti tatu ndiye mshindi. Nikageuka jukwaani. Kiti cha Mzee kitupu. Mara nje ya ukumbi injini ikakohoa.

Nikaomba mapumziko mafupi ili niwape mabinti moyo, lakini nahodha, ambaye hasira zake ziko karibu, hakunisubiri. Alikwenda moja kwa moja kwenye dirisha la ukumbi.

"Babu, zima gari," alisema. "Hatujamaliza."

Injini ikazimwa. Tulishinda seti tatu mfululizo, na mpaka leo watu wananisifu kwa maelekezo niliyotoa wakati ule. Sikutoa maelekezo yoyote, ila sifa nimezipokea.

Siku ya fainali nahodha alimpokonya Mzee ufunguo akauficha ndani ya soksi yake. Mzee alikaa jukwaani mikono haijui iende wapi. Tukafika seti ya tano, ile fupi ya pointi kumi na tano. Wapinzani walipobakiza pointi moja, nilimwona akipapasa mfuko mtupu, nikacheka huku roho yangu iko juu. Kisha mpira wetu ukagonga wavu, ukaanguka upande wetu.

Mabinti walilia palepale uwanjani, na hakuna aliyekufa. Wapinzani wakaja wakawakumbatia, ukumbi mzima ukasimama kuwapigia makofi. Nikamfuata Mzee jukwaani. Akakunja uso, akaniuliza kama waliofungwa nao wanapigiwa makofi.

"Kila mwaka," nikamwambia.

"Hata tulipotolewa mwanzoni kabisa?"

"Hata siku hizo. Wewe ulikuwa nje unapasha injini."

Nilitaka iwe utani, ila alivyoinamisha kichwa nilijuta. Miaka yote hiyo aliwabeba mabinti wakiwa wanalia, akaamini kwamba hakuna mtu aliyewathamini ila yeye.

Nahodha akaja na medali ya mshindi wa pili shingoni, macho mekundu, akachomoa ufunguo kwenye soksi.

"Haya babu, sasa washa."

Mzee aliupokea, akautia mfukoni, akabaki amekaa.

"Tuwahi wapi, mwanangu?" alisema. "Bado wanapiga makofi."