Shingo ya Gauni la Mwajuma

Ushirika wetu wa kushona pale Msimbazi ulikuwa na kiolezo kimoja cha gauni, kipande cha boksi kilichozunguka nyumba kwa nyumba. Mimi nilidhani kila mmoja ana chake. Kilipofika kwangu nikabandika karatasi kwa uji, nikaipunguza shingo, maana mwanangu Mwajuma alikuwa na kichwa kidogo kama ndimu. Kisha wenzangu Tatu na Somoe wakakatia hichohicho magauni yote tuliyoagizwa na chekechea.

Siku ya kukabidhi hakuna kichwa kilichopita. Mwalimu akasema kazi atawapa wengine.

“Nani kagusa kiolezo?” akauliza Bi Zuhura, mwenyekiti wetu.

Mara Mwajuma huyo anaingia, gauni limemkaa sawasawa.

“Mama Mwajuma! Umewapa chekechea nzima kichwa cha mwanao?”