Pijo ya Kipkosgei Iliyonyamazishwa

Nilimfokea Kipkosgei kabla hata hajazima gari. Ningefanya nini? Pijo yake, pikapu ya zamani, ilikuwa imesikika ikilia tangu kituo cha kupimia majani chai, na ilipoingia kwa geraji yangu hapa Boito mbwa wa soko walikuwa wanaifuata. Nikainama. Springi za nyuma zilikuwa zinang'aa mafuta, tena si oili. Nikanusa.

"Mzee, umepaka nini hapa?"

"Mafuta ya kondoo, fundi."

"Ala! Unataka kutengeneza springi ama kuikaanga?"

Walioketi kwa kibanda cha chai wakaangua kicheko. Kipkosgei hakucheka. Alisema kwamba mke wake, Rebeccah, hupata nafuu kidogo akisuguliwa mgongo na mafuta hayo, ndio akafikiri labda hata chuma kitatulia. Niliona haya. Lakini mimi nikiona haya ndio hupayuka zaidi, basi nikamwambia mafuta yake yamekamata vumbi lote la Konoin na sasa yanasaga vyuma.

Hakuna mtu Boito asiyemjua. Ujana wake wote alichuna chai ya kampuni, baadaye akapanda miche yake mwenyewe, akanunua hiyo Pijo ikiwa imeshachoka. Haikuwepo harusi wala mazishi ambayo hakubeba viti, maana huyo mzee hajui kusema hapana. Mwaka huo wa tisini na sita Rebeccah alikuwa na saratani, imeingia mifupa ya mgongo. Kila wiki alipelekwa hospitali ya mbali kudungwa sindano ya maumivu, amelazwa kwa godoro huko nyuma chini ya turubai, kichwa kwenye mapaja ya binti yao Chemutai. Daktari alikuwa amewaambia wazi kwamba kupona hakuna.

"Kumponya siwezi," Kipkosgei akaniambia. "Lakini hii kelele inamuumiza. Ikilia, mimi huko mbele najua yeye anaumia. Nyamazisha hiyo tu, fundi. Nisaidie hiyo moja."

Sikuwa na mzaha tena. Niliinua gari, nikaliwekea magogo, nikafungua springi zote mbili na kutenganisha vyuma vyake kimoja kimoja. Nikasugua kutu kwa brashi ya waya mpaka vidole vikatoka damu. Bushi, yale mapete ya mpira yanayoshikilia springi, zilikuwa zimekwisha kabisa, nikachonga nyingine kwa tairi kuukuu. Kila mahali chuma kilipokutana na chuma nikaweka kipande cha mpira na grisi, nikafunga. Tukaijaribu mpaka darajani na kurudi. Kimya! Kipkosgei alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema sasa mama atasafiri kama mtu. Nami nikaenda kujigamba kibandani, nikaagiza chai ya watu wote.

Siku iliyofuata safari yao ya hospitali, alirudi peke yake.

"Fundi, hiyo mipira uliweka, toa."

Hasira zikanipanda. "Nitoe? Kwani imelia tena?"

"Hailii."

"Sasa shida iko wapi, mzee?"

Akakaa juu ya tairi. Alisema walipotoka nyumbani, shimo la kwanza tu, alimsikia Rebeccah akipiga ukemi. La pili, akasikia akimwita mama yake, na mama yake alishakufa zamani. Alidhani amezidiwa, akasimamisha gari, akakimbia nyuma. Rebeccah akageuza uso. Chemutai ndiye aliyesema, huku analia, kwamba hivyo ndivyo imekuwa tangu safari za kwanza. Mama alikuwa akingoja springi zilie, ndio na yeye alie bila kusikika huko mbele. Alikuwa amemkataza asimwambie baba.

"Njia yote iliyobaki alijifunga leso kwa mdomo," Kipkosgei akasema. "Ndio nisisikie. Kwenda na kurudi, fundi. Sasa ameniambia hapandi tena hii gari ikiwa kimya."

"Na wewe, mzee?"

"Mimi nimeshasikia. Hata uirudishe namna gani, mimi nitasikia tu. Lakini yeye apate mahali pa kulilia."

Nikaingia chini ya gari. Nilitoa mipira yote, nikaosha grisi kwa petroli, na zile bushi mpya nikazilegeza. Machozi yalinitoka huko chini na sikuyapangusa, maana mikono ilikuwa michafu. Kipkosgei alisimama kando akinishikia spana.

Alipoondoka, springi zilianza kupiga kelele kabla hajafika barabarani. Watu wa kibandani wakashangilia. "Fundi Nyang'au, umeshindwa!" wakaniita. "Gari imekushinda!"

Nikawaambia ndiyo, nimeshindwa.