Mshenga wangu, fundi umeme wa malori, alivyofunga jiko la umeme ukweni siku chache kabla ya posa

Wakuu, heshima kwenu wote mlioko humu.

Juzi nimesoma kisa cha jamaa aliyetengenezewa friji na fundi cherehani, nikacheka peke yangu mpaka mke wangu akaniuliza nina nini. Nikaona na mimi nitoe la kwangu. Sijaongeza chumvi, na shahidi wa kwanza ni huyo huyo aliyeniuliza.

Ni miaka ya tisini, Mpanda mjini. Kabla hamjanikosoa, najua wakati huo tulikuwa mkoa wa Rukwa na Katavi lilikuwa jina la mbuga. Nawasaidia vijana wasipotee tu.

Umeme wa Mpanda ulikuwa wa majenereta, unakuja ukijisikia. Wachache waliokuwa nao waliutumia kwa taa na redio. Kupika kwa umeme ilikuwa stori ya watu wa Dar.

Mimi nilikuwa kijana wa Kibaoni, nachukua mchele wa kule nakuja kuuza Mpanda sokoni. Hapo sokoni ndipo nilipomwona Sesilia. Sitaeleza zaidi maana anasoma.

Baba yake alikuwa karani mstaafu. Mzee wa viatu vyeusi vinavyong'aa, soli nene ya mpira, anavivaa akiamka na kuvivua akipanda kitandani. Hata kwenda bafuni anatoka navyo sebuleni.

Mshenga wangu alikuwa rafiki yangu mkubwa, tulimwita Dinamo. Kazi yake umeme wa malori. Lori likizima njia ya Sitalike katikati ya mbung'o, dereva hafikirii mtu mwingine. Nasema hata leo, kwa magari yule bwana sikumwona mwenzake.

Sasa, kaka yake Sesilia aliyekuwa Dar aliwatumia wazazi jiko la umeme kwa treni. La mtumba, plate mbili, na waya wake umekatwa. Mama mkwe akaliweka sebuleni juu ya kitambaa cha kufuma, wageni walitazame.

Dinamo alipokwenda kupeleka salamu zetu za kwanza, macho yakatua pale pale.

"Mama, hili nalo ni la kukaa pambo? Mimi nafunga umeme wa lori zima, hiki kidude kitanishinda?"

Akaondoka kwenda gereji, akarudi na waya mnene wa gari na bisibisi. Baada ya muda plate zikawa nyekundu. Soketi ilikuwepo ila plagi hakuna, kwa hiyo ncha za waya zikachomekwa moja kwa moja kwenye matundu ya soketi, zikakazwa kwa njiti za kiberiti. Wazee wenzangu mnaijua hiyo teknolojia.

Chai ikachemka. Baba mkwe akampa Dinamo mkono, akasema, "Kijana mwenye rafiki kama huyu hawezi kuwa mtu mbaya."

Nilipoletewa habari hizo nililala nikitabasamu. Nikajua mke nimepata.

Kumbe matatizo ndiyo yanaanza.

Mama mkwe alikuwa anapika pekupeku, kama mama yeyote kwenye jiko lake. Akigusa jiko, linampiga. Akikoroga mboga kwa kijiko cha chuma, linampiga. Akamwambia mumewe.

Mzee akaenda jikoni na viatu vyake, akalishika jiko pembeni kwa mikono miwili. Kimya, hakuna kitu.

"Mama Sesi, wewe ni mwoga wa umeme tu. Utazoea."

Dinamo naye akaitwa. Akaja na makatambuga yake, vile viatu vya tairi la gari, akapapasa jiko lote. Kimya. Akasema labda ni baridi ya asubuhi.

Basi wanaume wawili wamehakiki, kesi imefungwa. Mama akabaki anapikia kuni vitu vya kila siku, na mzee akiwa nyumbani analiwasha jiko kumridhisha, anakorogea mwiko wa mti huku amekunja uso.

Siku ya posa ikafika.

Kwa desturi mwoaji haendi, lakini shangazi yangu alitoka Kibaoni juu ya lori la mahindi na mizigo yake, akataka mtu wa kubeba. Kwa hiyo nilikuwepo, nimekaa kibenchi cha uani, naambiwa nisiongee.

Huyu shangazi ndiye aliyenilea. Kwetu akisema mke hapana, ni hapana, hata baba alikuwa anangoja yeye aseme. Nilimwogopa kuliko baba mkwe.

Mazungumzo ya sebuleni, baba yangu akiwemo, yakaenda vizuri. Dinamo anaongea kwa mafumbo, wazee wanacheka. Kisha shangazi akaomba aingie jikoni amwone binti kwenye kazi yake. Hiyo kwetu ndiyo mtihani wenyewe.

Vumbi la safari lilikuwa limemjaa. Akavua viatu mlangoni kwa adabu, akaletewa maji akanawa miguu. Akaingia na miguu inachuruzika, sakafu ya sementi. Jiko linawaka, mzee aliagiza kuku wa posa apikwe kwa umeme wageni waone.

Shangazi akachukua kijiko cha chuma aonje mchuzi.

Wakuu, nilisikia "Yeleuwi!" halafu kishindo. Alitoka jikoni kinyumenyume, akakalia beseni la mchicha, kijiko bado mkononi.

"Nimeuawa! Nimeuawa mimi jamani!"

Tukamwinua. Mzima, ila anatetemeka na kilemba kimekwenda na njia. Alipopata pumzi akatoa hukumu.

"Huyu mke hapana. Sufuria yake ina kitu. Tunaondoka."

Sesilia alikuwa amesimama mlangoni, machozi yanamlengalenga. Siku ile hakuruhusiwa kusema kitu. Mimi nikawaza, nimekwisha.

Mzee akatoka sebuleni amekasirika. Akapita na viatu vyake moja kwa moja mpaka jikoni, akashika jiko, akashika sufuria, akageukia wageni.

"Mnaona? Lina nini? Mbona mimi halinipigi?"

Akamwita baba yangu naye ashike. Baba alikuwa na buti za mvua, akashika. Kimya. Dinamo na makatambuga, akashika. Kimya.

Shangazi akatutazama mmoja mmoja.

"Kwa hiyo nyie nyote halijawapiga. Limenipiga mimi peke yangu. Ndiyo kusema mchawi ni mimi?"

Wakuu, pale ndipo palipoharibika kabisa. Upande wao hawawezi kusema ndiyo, upande wetu hawawezi kusema hapana bila kumrudishia uchawi binti. Baba akaanza kutafuta kofia yake. Mizigo niliyoileta nikaona nairudisha.

Ndipo Sesilia akafungua mdomo.

"Baba, vua viatu."

Binti anaposwa, na anamwamrisha baba yake mbele ya wageni.

"Unasemaje?"

"Vua viatu, baba, halafu ulishike. Mimi na mama linatupiga kila siku. Nyie mnakuja na viatu mnatuambia waoga."

Mzee, nadhani kwa hasira, akainama akaanza kufungua kamba. Kiatu cha kwanza kikatoka. Kabla hajagusa cha pili, Dinamo akapiga kelele.

"Mzee usivue! Usivue, utakufa!"

Watu wote tukamgeukia mshenga.

Mzee akasimama na kiatu mkononi. "Kwa nini nisivue, fundi?"

Dinamo jasho linamtoka. Akaeleza kwamba kwenye gari waya wa moto ni mmoja tu, wa kurudi hauhitajiki, kwa sababu umeme unarudi kupitia bodi. Gari zima chuma chake ni waya. Sasa na yeye jiko alilifunga hivyo hivyo. Waya mmoja kwenye koili, mwingine kwenye bodi, na pale kwenye soketi huo wa bodi ndio ulioangukia tundu la moto.

"Bodi ya nini?" mzee akauliza.

"Ya jiko."

"Hili ni gari?"

Dinamo akatazama soli za makatambuga yake, mpira uliomkinga siku zote. Betri ya lori ukiigusa haikufanyi kitu, umeme wa nyumba unazika mtu, na mwenzetu hakuwa amewaza hilo mpaka alipoona kile kiatu kinatoka.

Mzee akachomoa waya mwenyewe, kwa mwiko. Halafu akamgeukia mkewe.

"Kwa hiyo siku zote hizi..."

"Si nilikwambia, Baba Sesi?"

Mzee akaweka mwiko chini. Akaenda kukaa kwenye kibenchi changu, kiatu kimoja mguuni. Nilimwonea huruma, na nilipata hofu ambayo mpaka leo nikikumbuka naipata. Mama yule angeweza kufa huku anaitwa mwoga. Shangazi yangu na miguu yake mibichi ndiyo usiseme.

Shangazi akajifunga kilemba upya, akamshika Sesilia mkono.

"Huyu namchukua. Huyu ndiye mwenye akili peke yake. Nyie wengine nitawazoea."

Kuku akamaliziwa kwenye kuni, tukala jua linazama. Dinamo alitozwa faini ya jogoo na pande zote mbili, na aliendelea kuwa mshenga kwa sharti asiguse kitu chochote cha ukweni. Tumeoana, wajukuu tunao.

Nilichojifunza si kumcheka Dinamo. Fundi hodari ndiye huvamia kazi isiyo yake, kwa sababu asiyejua kabisa huogopa. Lakini kosa lile lingegundulika siku ile ile ya kwanza kama sisi wanaume tungemwamini anayepika. Nyumbani kwako wakisema kitu kinapiga, kinapiga. Chomoa kwanza, ubishi baadaye.

Haya, nyie huko kwenu nani alifungiwa nini na fundi wa nini? Mwageni hapo chini. Mke wangu amevaa miwani, anangoja kusoma.