Neno Ambalo Winfrida Hakufundishwa

Mimi Kiitaliano sikukitafuta. Kilinikuta bombani hapa Newala, nikisubiri maji yasiyofika, na aliyekileta ni jirani yangu Magdalena, ambaye wote tunamwita Mama Winfrida. Alikuwa amekalia ndoo yake tupu, ananong'ona peke yake, "Caldo, freddo. Grande, piccolo." Nikadhani mwenzangu kapandwa na shetani.

"Usinicheke, Mama Yunusi," akaniambia. "Ni moto, baridi, kubwa, dogo. Nisipoyajua haya, mwanangu anakufa."

Sikucheka tena. Winfrida, mtoto wake wa pekee, ana tundu kwenye moyo. Akitoka mlangoni kwenda jikoni midomo inageuka rangi ya zambarau, anachuchumaa palepale kuitafuta pumzi. Madaktari fulani wa Italia walikuwa wakichagua mtoto mmoja wa kwenda kupasuliwa kwao. Mama angefuatana naye, na kwa kuwa wodini kule hakuna ajuaye Kiswahili, walitaka ajifunze angalau maneno ya kueleza hali: ana nguvu, amechoka, anasikia baridi. Sista Lois wa parokia, aliyesoma hukohuko, ndiye aliyemfundisha.

Basi nyumba ikawa shule, na mwanafunzi bora akawa mgonjwa. Jogoo wangu alikuwa brutto, yaani hana sura. Uji ulikuwa buono, mtamu. Mimi nilikuwa grande, na mtoto yule hakuwa na habari ya kuniheshimu. Neno moja tu hakufundishwa. Hilo mama yake alilikariri bombani, mimi nikimsikiliza: grave, la mgonjwa aliye hoi. "Hili siliingizi nyumbani," alisema. Nilimwelewa. Kwetu humtamkii mtoto ubaya naye anasikia, ni kuuita.

Siku daktari alipopiga simu ya video, Sista Lois alikuwa Masasi mazikoni. Mimi nilikuwepo. Tukamwona mzee mwenye miwani, anatabasamu, anauliza mtoto anaendeleaje.

"Bene," Mama Winfrida akajibu. Nzuri.

"Forte?" Ana nguvu?

"Forte," akaitikia.

Mnashangaa nini? Nani kwetu huulizwa hali akaanza na ubaya? Hata msibani unaulizwa habari, unajibu nzuri, ndipo unasema, "Ila tumefiwa." Mama Winfrida alikuwa na "ila" yake mdomoni, anangoja aulizwe tena kama watu wanavyoulizana. Mzee akafurahi, akashukuru, akakata simu. Haraka ya nini? Mpaka leo nina hasira naye, ingawa najua hakukosa.

Jibu likamjia Sista Lois: mtoto ana nguvu, asubiri mwaka ujao, nafasi itakwenda kwa aliye hoi zaidi. Mwaka ujao! Winfrida alikuwa hawezi tena hata kumaliza kikombe cha uji. Mama yake alijipiga mdomo kwa kiganja, anajipiga tu. "Nimemuua kwa adabu, Mama Yunusi. Nimemuua mwanangu kwa adabu." Nikamshika mikono, nikalia naye, maana hata mimi ningejibu vilevile.

Sista aliandika, akabembeleza. Daktari akakubali kupiga mara moja zaidi kabla hawajaamua, ila alitaka kumwona mtoto na kumsikia mama kwa kinywa chake, asisemewe. Kwa hiyo safari hii tukamlaza Winfrida kwenye mkeka mbele ya simu, Sista amekaa pembeni. Mzee akauliza lilelile. Mama Winfrida akamtazama mwanawe, akaitazama simu.

"Grave," akasema. "Debole. Grave, grave."

Daktari akaacha kutabasamu. Akaomba aonyeshwe midomo, akaomba aonyeshwe kucha. Mwishowe akamwambia Sista kwamba ameelewa na atazungumza na wenzake. Hakuahidi kitu.

Simu ilipokatika, Winfrida akageuza kichwa. "Debole nalijua, ni dhaifu. Hilo lingine hukunifundisha, mama. Maana yake nini?"

Sista Lois akainamisha uso. Mama Winfrida akamvutia mwanawe khanga mpaka miguuni, taratibu, kama hakuna kilichotokea.

"Nzuri, mwanangu," akasema. "Maana yake nzuri sana."

Tunangoja jibu hadi sasa. Leo asubuhi nimewapelekea ndoo ya maji, nikamkuta Winfrida amelazwa mlangoni apate jua. Upepo ulikuwa mkali, wamemfunika mpaka kidevuni.

"Shikamoo, Mama Yunusi."

"Marahaba, mwanangu. Unaendeleaje?"

Akavuta pumzi, akatulia, akaivuta tena ndipo sauti ikapatikana. Akatabasamu kwa fahari ya mtu aliyejifunza neno jipya.

"Grave," akanijibu. "Grave, grave."