Mabati yote yanafanana

Mdogo wangu Mwamba, ningekuwa mzee ningekuita mwanangu. Mimi ni dada yako tu, na mbele za watu mdomo wangu ni mzito, ndiyo maana nakuandikia. Ile siku ya ukuta bado ninayo kichwani.

Papa Kyungu, jirani yetu wa shamba kule Kasungami, alikuwa anajenga ukuta. Nkambo, bibi yetu, akasema ametuibia kipande. Na kisima tunachochota maji ni cha Papa Kyungu huyohuyo.

Yaya Odile, dada yetu mkubwa anayesoma chuo kikuu pale Kasapa, akaleta kompyuta na picha mbili: ya zamani iliyopigwa kutoka kwenye ndege, yenye mpaka wetu, na mpya ya setelaiti. Kazi ilikuwa kuzilaza moja juu ya nyingine. Kompyuta inatafuta alama zinazoonekana vizuri, pembe ya nyumba, kona ya njia, halafu inatafuta zilezile katika picha ya pili na kuziunganisha kwa mistari. Mistari ikajaa. Picha zikalala, na ukuta ukaonekana ndani ya shamba letu.

"Si nilisema!" Nkambo akakaza kitenge. "Leo Kyungu atanijua!"

Mimi nilifurahi, nakuambia ukweli. Nilishavaa viatu twende kwake.

"Ngoja kwanza, Nkambo," Yaya akasema. "Angalia, hii mabati imeungana na mabati ya nyumba ingine. Yote iko sawasawa, mashini imedanganyika."

"Wewe uko wa nani? Wetu ao wa Kyungu?"

Yaya akainamia kompyuta. Mistari ya mabati ilikuwa inavuta kila mmoja upande wake; akaifuta. Akabakiza ile iliyokubaliana: ya vichuguu vikubwa ambavyo watu hawajavikata kufyatua matofali, na ya kona ya kijito. Picha zikasogea. Ukuta ukatoka shambani mwetu. Tena mahindi yetu ndiyo yalikuwa yamevuka mpaka.

Nkambo akabeba kikapu cha mahindi, akaenda.

"Mama, leo unanisalimia na mahindi?" Papa Kyungu akacheka.

"Ni ya kwako. Iliota kwako."

Mwamba, moyo ukishataka ugomvi, kila kitu kitafanana na ushahidi. Usishike kinachofanana tu. Tafuta kitu ambacho hakikuhama, kisha kingine, uone kama vinasema jambo moja. Na jibu likikupendeza haraka, vua viatu kwanza, uangalie tena.

Mungu akupe macho yenye subira, na jirani ambaye kesho bado atakuacha uchote maji.