Waliomsoma Mwalimu Bila Kubisha Hodi

Mimi na Gego tumekaa meza moja miaka kumi na minne, tukitengeneza meno ya bandia katika karakana iliyo nyuma ya zahanati. Yeye hupanga meno kwenye nta, mimi humimina plasta na kung'arisha. Jina la Gego alipewa na bosi wetu, kwa kuwa akishakaa mahali hang'oki. Si msemaji. Mteja akija kulalamika kwamba meno yanambana, Gego humsikiliza hadi mwisho, hukwangua mahali padogo kama punje ya mchele, humrudishia, basi. Nayasema haya ili ujue waliyemtendea yale ni mtu wa namna gani, na kwa nini mimi, ambaye sikuguswa hata ukucha, bado nina kinyongo.

Mama yake alifundisha Kiswahili miaka thelathini na mitano. Kuna wanaume wazima wenye vitambi ambao wakimwona barabarani walikuwa wakichomekea shati haraka. Kisha akaanza kusahau. Alianza na miwani, akaja kwenye siku za wiki, mwishowe akamsahau binti yake. Alimwita Gego "shangazi" na kumwomba ruhusa ya kwenda msalani. Gego alimhamishia kwake, akampa chumba chenye dirisha la uani, akatafuta mama mmoja wa makamo wa kushinda naye mchana. Tangu hapo maisha yake yakawa karakana na mama, mama na karakana.

Ndipo akaanza kuandika. Alijiunga na kikundi cha blogu kiitwacho Zamu, watu kama arobaini wanaouguza wazazi wao, kila mmoja na ukurasa wake, na huingii bila neno la siri. Walikuwa na kanuni zao na hawakuzifanyia mzaha. Hakuna jina la mgonjwa wala sura yake. Linalosemwa humo halitoki, hata kwa nia njema. Ukitaka kumnukuu mwenzako unamwomba, na asipojibu ujue amekataa. Gego aliponieleza hayo nilimwambia kuna ndoa zisizo na adabu kiasi hicho. Sikumwomba anionyeshe alichoandika, naye hakunionyesha.

Sasa kuna wifi yake, mke wa kaka yake. Karakanani tulikuwa tukitania kwamba wifi ziko mbili, ya mtandao na ya ukoo, na zote kazi yake ni kusambaza. Huyu wa ukoo alikuwa na blogu yake, Sebuleni Kwangu, na aliiandika humo nyumba nzima: mapazia, matokeo ya mitihani ya watoto, ugomvi wake na fundi bomba, mume wake anavyokoroma. Mume alipofanyiwa upasuaji wa ngiri, picha yake akiwa amelala mdomo wazi ilikuwa imeshapata pongezi mia mbili kabla hajazinduka.

Na hakuwa peke yake. Walikuwa na duara lao, wenye blogu za namna hiyo, na duara hilo nalo lilikuwa na adabu zake. Ukipenda kitu cha mwenzako unakibeba, unaweka jina lake na kiungo cha ukurasa wake, yeye anashukuru, na kesho anabeba chako. Asiyesambaza ni mchoyo. Anayeomba ruhusa anaonekana mshamba. Ningependa kusema Wifi alikuwa mwovu, lakini mwovu angalau hufikiri kabla ya kutenda. Huyu alikuwa mtu wa kawaida kabisa, mkarimu kwa vitu vya watu.

Kosa la kwanza lilikuwa la Gego mwenyewe, na hajawahi kulikana. Wifi alijitolea kushinda na mama mkwe wake Jumamosi moja moja, akauliza maswali mengi: anakula nini, akilia afanyeje, akitaka kwenda shule aambiwe nini. Gego alikuwa amechoka. Alimpa neno la siri la Zamu, akamwambia asome, yote yamo.

Wifi alisoma. Alilia pia, aliapa baadaye kwamba alilia, nami naamini. Alipomaliza kulia alinakili.

Kilichotokea Sebuleni Kwangu asubuhi ya Jumatatu kiliitwa "Siku Mama Aliponiomba Ruhusa". Maneno yalikuwa ya Gego, isipokuwa aya ya mwanzo ambayo Wifi aliongeza ya kwake, imejaa baraka na machozi. Juu yake kulikuwa na picha ya Mwalimu kitini, kitambaa kifuani, uji kidevuni. Jina lake kamili lilikuwepo, na shule zote alizofundisha, ili, kwa maneno ya Wifi, wanafunzi wake wapate kumkumbuka. Chini kabisa aliweka maoni ya wana-Zamu jinsi yalivyokuwa, kwa sababu yalimgusa.

Nakiri nami nilisoma. Mtu wa mapokezi wa zahanati alinitumia, nikasoma nimesimama, na nilipofika kwenye uji nilikuwa bado nasoma. Ndiyo maana sijitoi katika hesabu ya wale ninaowadharau.

Katika maoni yale yalikuwemo ya mtu aliyejiita Fundi Vigae. Alikuwa ameandika kwamba baba yake hawezi tena kuachwa peke yake, na yeye hana wa kumwachia, hivyo akienda kazini humfungia chumbani na chupa ya maji, na kuna siku hulia akiwa amepiga magoti sakafuni kwa watu, kigae mkononi. Alitaja na mtaa. Ndani ya Zamu hakuna aliyeshtuka, kwa kuwa nusu yao walishawahi kufunga mlango. Nje ya Zamu watu elfu tisa walikuwa na maoni. Wasiowahi kumfuta mzee yeyote pua walimwita mnyama. Haikupita wiki, mteja mmoja aliunganisha kazi na mtaa, na ofisa wa ustawi wa jamii akafika mlangoni kwake na polisi. Baba yake alichukuliwa.

Gego hakuyajua hayo bado. Alichojua ni picha ya mama yake. Alitoka kazini saa tisa, bila kumuaga bosi, jambo ambalo sikuwahi kuliona, akaenda kwa kaka yake. Alinisimulia kesho yake huku akipanga meno, bila kuinua macho.

Wifi alimpokea kwa furaha. Alidhani amekuja kushukuru.

"Wifi, nimekuja uiondoe," Gego alimwambia.

"Lakini nimeweka jina lako na kiungo. Watu elfu tisa wamekusoma. Kule kwenu mnasomana watu arobaini."

"Mama si wa watu elfu tisa."

"Sisi kwetu mtu akibeba chako unashukuru, wifi yangu. Ni heshima hiyo."

"Sisi kwetu mtu hubisha hodi."

Kaka yake Gego alikuwepo, amekaa kati yao, anabadilisha chaneli za televisheni iliyozimwa sauti. Alisema tu kwamba wanawake wataelewana. Aliyekuwa kitini na uji kidevuni ni mama aliyemzaa yeye.

Picha haikuondoka. Jioni ile Wifi aliandika chapisho jipya kuhusu ndugu wenye husuda. Gego akawaandikia wasimamizi wa lile duara, barua fupi na ya heshima. Walimjibu kwamba mwandishi ametajwa na kiungo kimewekwa, kwa hiyo taratibu zimefuatwa. Wakaongeza kikaragosi cha uso unaocheka na kumkaribisha ajiunge.

Kisha wageni wakaanza. Wanafunzi wa zamani walikuja wawili wawili, simu mkononi, wakisema wamekuja kumwona Mwalimu, na kweli walimwona, kupitia skrini. Mmoja wao, wakala wa bima aliyevaa tai joto lote lile, aliona afadhali asije mikono mitupu. Alilichapa lile chapisho la Wifi kwenye karatasi akamletea Mwalimu, ajue anavyopendwa.

Mwalimu aliipokea karatasi. Aliomba kalamu. Yule wakala alidhani anataka kuisaini kama ukumbusho, akampa yake. Mwalimu aliinama akasoma mstari kwa mstari kwa karibu nusu saa. Aya ya Wifi aliichana vipande: hapa upatanisho wa ngeli, pale mkato, pale "neno hili halipo". Maneno ya Gego aliyaacha yalivyo, ila pembeni alipiga mstari mrefu wa wima kuyafunga yote. Chini aliandika: nne kati ya kumi, umenakili, rudia kazi kwa maneno yako mwenyewe. Akamrudishia wakala karatasi, akamwuliza kwa nini hajachomekea shati. Lilikuwa limechomekewa. Alichomekea tena.

Gego aliponisimulia hilo alicheka mpaka nta ikamdondoka. Ilikuwa mara ya kwanza mwezi ule. Wifi naye alipopata habari aliomba apewe karatasi aipige picha, akasema itasomwa sana. Gego aliichukua karatasi ile, ambayo wakala aliona haya kuondoka nayo. Aliipeleka kwa kaka yake ofisini, akaiweka mezani, akatoka. Mwandiko ule kaka mtu aliujua, ulimwadhibu utoto wake wote. Sijui alimwambia nini mkewe. Ninachojua ni kwamba siku ya pili chapisho liliondolewa. Lakini lilikuwa limeshabebwa na wenzake kumi na mmoja wa duara, kila mmoja na jina na kiungo, kwa adabu zote, na kiungo kilielekeza pasipo na kitu.

Habari za Fundi Vigae zilimfikia Gego kutoka kwa msimamizi wa Zamu, mwanamke asiyezungusha maneno. Aliuliza nani ametoa neno la siri. Gego aliandika mbele ya wote: ni mimi. Walimsimamisha miezi sita, asiandike wala asisome. Baadhi yao walimwandikia maneno ambayo hakunionyesha. Sikumwona akijitetea hata mara moja. Nilimwambia adhabu ni kubwa kwa kosa la uchovu. Akaniambia yule baba alichukuliwa na polisi akiwa hajui ni polisi.

Jumapili moja mchana alikwenda kumtafuta fundi. Alimkuta kibarazani, mtu mwembamba wa miaka hamsini, anakata kucha za baba yake. Mzee alikuwa amerudishwa baada ya wiki tatu, amekonda. Gego alijitambulisha akiwa amesimama. Fundi aliendelea na kucha hadi kidole cha mwisho.

"Nilisema mle kwa sababu sikuwa na pengine pa kusema," akamwambia. "Sasa hata pale hapapo."

Gego alimwambia kwake kuna mtu mchana kutwa, na kiti cha pili kipo. Fundi alimwambia ahsante, arudi salama. Gego akarudi, akaamini yameishia hapo. Wiki mbili baadaye, saa moja asubuhi, fundi alisimama mlangoni na baba yake amevaa koti.  Alieleza kwamba mzee hapendi chai ya moto.

Wale wazee wawili walikaa dirishani pamoja zaidi ya mwaka. Mwalimu alimfundisha mzee kuandika jina lake, kila siku upya. Mzee naye alimwimbia. Wifi hakuambiwa, na kaka mtu, nimpe haki yake hiyo moja, alifunga mdomo. Wifi siku hizi hualikwa kuzungumza kwenye kumbi kuhusu malezi ya wazee. Husema alijifunza mengi kwa mama mkwe wake. Jumamosi alizoshinda naye zilikuwa mbili.

Mzee alikufa wakati wa baridi, Mwalimu akamfuata baada ya miezi minne. Fundi alitaka kuandika habari zao Zamu, ambako Gego alikuwa amerudishwa. Alimtumia Gego ujumbe kuuliza, sentensi kwa sentensi. Gego alikaa nao siku mbili. Alikubali kiti na dirisha, akakubali lile jina lililoandikwa upya kila siku. Nyimbo alikataa. Fundi akaziacha.

Mimi sijasoma. Si mwanachama.