Lenzi Fupi Niliyoishuku

Kamera yangu ya kwanza ya dijitali ilikuja na lenzi moja, na juani ilipiga vizuri: kipaimara, mahafali, wakubwa wa mkoa wetu mpya wakikata utepe. Tatizo lilianza ndani ya nyumba. Kwenye harusi ya ukumbini Nangara, bibi harusi alitoka kama moshi, na nilipowasha flashi alitoka mweupe, macho mekundu. Mama yake alizitazama picha zile, akazirudisha kwenye bahasha.

Wapiga picha wenzangu, wote wanaume, walinishauri ninunue lenzi ndefu ya kuvuta mbali. Ukiwa nayo, walisema, hata mteja anakuheshimu. Lenzi mpya za Arusha zilikuwa nje kabisa ya uwezo wangu. Ndipo nikasikia kwamba mzee mmoja anayeuza redio na simu karibu na soko la Babati ameleta lenzi mbili zilizotumika.

Nilikwenda nikiwa nimejiandaa kutapeliwa. Mimi ni mtoto wa wakulima wa Mbulu, na baba yangu hakununua hata jembe mjini kabla ya kuzunguka maduka yote.

Mzee aliitikia shikamoo yangu, akaziweka lenzi mezani. Moja ilikuwa ndefu, nzito, inang'aa. Nyingine ilikuwa fupi, ya plastiki, imechubuka, na haikuvuta kabisa. Ukitaka mtu awe mkubwa kwenye picha, unamsogelea kwa miguu yako. Nikaishika ile ndefu. Akaichukua taratibu mkononi mwangu.

"Chukua hii fupi, binti. Ni rahisi kuliko ile, na inaona penye giza."

Hapo ndipo shaka iliponiingia vizuri. Mfanyabiashara gani anamzuia mteja kununua kitu cha bei kubwa? Nikaimulika kwa tochi kutafuta kuvu ndani ya vioo. Nikaitikisa karibu na sikio. Nikakagua skrubu, kama zimewahi kufunguliwa. Sikuona kasoro, na hilo likanitia wasiwasi zaidi. Nilipouliza imetoka wapi, alisema kwa ndugu yake Arusha, akageukia redio zake. Nikawaza kuwa labda ni ya wizi. Na nyuma yake, pazia la mlango wa ndani lilikuwa limefunuliwa kidogo. Mwanamke alikuwa ananitazama, si usoni, bali mikononi.

Mzee akaniambia nikae nayo kwanza, nitalipa ikinifaa. Sikuwahi kuona duka la namna hiyo. Nikahisi ni mtego, kwamba nikiirudisha atasema nimeivunja mimi. Kwa hiyo nilimwita muuza viatu wa jirani, nikamwonyesha kila mchubuko mbele ya mzee. Mzee hakukasirika. Hilo nalo sikulipenda.

Nyumbani niliifunga kwenye kamera, nikabonyeza. Haikujifokasi, picha ikabaki na ukungu. Nikabonyeza tena, kimya. Nakumbuka nilikaribia kufurahi, kwa sababu sasa nilikuwa nimemkamata. Nikapanda bajaji hadi dukani na kumwambia mbele ya wateja kwamba amenipa kitu kibovu. Aligeukia pazia, na yule mwanamke akatoka. Alikuwa mke wake.

"Picha inatoka?" akaniuliza.

"Inatoka, nikiizungusha lenzi kwa mkono."

"Basi zungusha. Binti yangu anaolewa."

Akanikaribisha ndani, akanieleza. Kabla ya ndoa kungekuwa na sherehe ya wanawake, chumbani, mapazia yameshushwa, na hakuna mwanamume ambaye angeingia. Mjini alimfahamu mpiga picha mwanamke mmoja tu, mimi. Lakini alikuwa ameziona zile picha zangu za Nangara. Ndiyo maana alimtuma mumewe aulizie Arusha lenzi isiyohitaji flashi, na ndiyo maana waliniwekea bei ya chini. Lenzi ilikuwa nzima, alisema. Kamera yangu ya bei nafuu ndiyo haikuwa na mota ya kuizungusha.

Sikumwamini. Nilimpigia fundi kamera wa Arusha, bila kumtajia duka, naye akasema hivyo hivyo. Ndipo nikailipa.

Nilijizoeza kwa kuku wa nyumbani mpaka vidole vikazoea. Siku ya sherehe, alasiri, nilipiga chumba kizima kwa mwanga mdogo uliopenya kwenye mapazia. Picha nyingi ziliharibika. Lakini zilizotoka, zilitoka kweli: hina bado mbichi viganjani, bibi harusi akiinamisha macho, kila kope inaonekana, na bibi yake akicheka.

Nikadhani tumemaliza kushukiana. Kumbe zamu ilikuwa ya mama wa bibi harusi. Hakutaka picha hizo zionwe na mwanamume yeyote, na kadi ya kamera hakuniachia. Tulipanda basi pamoja hadi Arusha kuzisafisha. Akamwomba mwenye studio atuwekee msichana kwenye mashine, akasimama mgongoni kwake mpaka picha ya mwisho ilipotoka, kisha akamtaka afute kila kitu kwenye kompyuta mbele yake.

Wakati wa kurudi aliishika bahasha mapajani kwa mikono miwili. Tulipopita Magugu akaifungua, akaanza kunipa moja moja, akiniuliza ile imekuwaje na hii imekuwaje. Nikamweleza kila moja, naye alisikiliza hadi tuliposhuka Babati.